Nani Alikuwa Anatwanga Buba

Wenzangu wa sale, wodi yetu ya mishipa ya fahamu, siku ile mliponipa keki na kitenge cha kuniaga, mliniomba niwaandikie kitu juu ya kazi. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa niko uani kwangu, mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, daftari kwenye magoti, na sina tena pa kukimbilia. Hamtasoma hapa nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halina maana na la pili mnalijua wenyewe. Nitaandika kidogo juu ya mwanzo, halafu nitaandika kosa langu moja. Nimelificha kwa miaka, na nimechoka kulificha.

Siku yangu ya kwanza ya uuguzi nilipewa vitanda sita vya upande wa dirisha. Kitanda cha tatu kilikuwa na mzee aliyekuwa zamani fundi wa reli, kama baba yangu. Nikamsalimia, kimya. Nikamsalimia tena, ananitazama tu, macho hayapepesi, uso kama umepigwa pasi. Mara ya tatu nikaona basi, mzee huyu ana majivuno, nikaenda zangu. Docteur Mwepu, aliyekuwa mkuu wa sale, alikuwa amesimama mlangoni akicheka.

"Mama Vero, alikujibu," akaniambia. "Weye njo uliondoka mbele jibu ifike."

Akanirudisha pale kitandani kwa kunishika kiwiko, tukasimama tukingoja. Baada ya muda, sauti ndogo sana ikatoka: "Jambo, mama." Niliona aibu mpaka miguuni. Hivyo ndivyo nilivyokutana na ugonjwa wa Parkinson, na hivyo ndivyo nilivyompata mwalimu wangu.

Docteur Mwepu alikuwa mtu mfupi, mwenye tai hata wakati wa joto la mwezi wa kumi, na mkali juu ya faili kuliko juu ya kitu kingine chochote. Vifaa vyake vilienea mfuko mmoja: nyundo ndogo ya mpira, kalamu ya risasi, glasi ya plastiki. Mgonjwa anakunywa maji, unatazama kama anakohoa. Mgonjwa anaandika jina lake mara tano, unatazama kama herufi zinapungua. Kwa wasioandika alikuwa na kamba. Mwenye kusuka alisuka, mwenye kufunga mizigo alifunga, sisi tukitazama mkono unavyochoka. Mashine kubwa ya kupiga picha za kichwa ilikuja baadaye, ikaharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Kamba haijawahi kuharibika.

Ni yeye aliyenifundisha nini kinaungua ndani ya kichwa. Alichora kwenye mgongo wa karatasi ya maabara. Kila seli ya mwili, alisema, ina mbabula zake ndani, majiko madogo ya makaa, nyingi sana, zinazochoma chakula ili seli ipate nguvu. Wenye vitabu wanaziita mitokondria. Katikati ya ubongo kuna doa jeusi, dogo, na seli za doa hilo ndizo zinazotengeneza dawa ya mwili ya kuamuru mwendo, dopamini. Seli hizo zinakula moto mwingi kuliko jirani zake. Sasa mnajua mbabula yenye makaa mabichi: inatoa joto kidogo na moshi mwingi, na moshi unaua walio ndani ya nyumba. Mitokondria zikiharibika, nguvu inapungua na uchafu unazidi, na seli za doa jeusi zinakufa taratibu. Mgonjwa akianza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda.

"Na nani anaharibu mbabula?" nikamuuliza.

"Kuuliza si ujinga," akasema, akifuta miwani kwa tai. Kwa wagonjwa wengi, alisema, hatujui. Wengine wamezaliwa katika familia ambamo seli hazijui kuondoa mbabula zilizovunjika. Na kuna sumu zinazoziba mlango wa kwanza kabisa wa moto. Moja inaitwa rotenoni. Wataalamu wa mbali waliwapa panya sumu hiyo, na panya wakakakamaa na kwenda polepole kama wazee wetu wa dirishani. Halafu akaniambia lile jambo ambalo lilinifanya nisahau kunywa chai yangu: rotenoni hiyo imo ndani ya buba.

Kwa mliokulia mjini, buba ni mti mdogo ambao watu wa mtoni wanaupanda karibu na nyumba. Majani yanatwangwa, yanatiwa kwenye maji yaliyosimama, na samaki wanaelea juu wakiwa hawana nguvu. Wamekatazwa mara nyingi, na wanaendelea. Tangu siku hiyo Docteur aliongeza maswali kwenye karatasi yetu ya mgonjwa mpya: kazi gani, maji ya wapi, dawa gani ya shamba, buba au hapana. "Uliza mpaka mwisho," alikuwa akituambia. "Jibu ya kwanza ni mlango tu."

Hilo nililisikia. Mnaona nimelikumbuka neno kwa neno.

Miaka michache kabla sijastaafu, alikuja Papa Kalaba, mvuvi wa Kasenga, huko mtoni, hajafika miaka hamsini na tano. Mnajua kwetu mgonjwa haingii peke yake. Aliingia na mke wake, Chola, na dada mkubwa wa mgonjwa, Mama Kunda, na wajomba wawili ambao siku hiyo sikusikia sauti zao. Wote wakakaa. Mkono wa kulia wa Papa Kalaba ulikuwa unatetemeka juu ya goti, kidole gumba kikisugua vingine kama mtu anayepukuchua mahindi.

Chola alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, anayejibu kabla swali halijaisha. "Huyu zamani alikuwa anatembea mbele, mi namufuata nyuma," akaniambia. "Sasa njo mi namungojea ku njia. Nilifurahi kidogo, kiisha nikaogopa." Mume wake alitaka kucheka, uso ukakataa, lakini niliona macho yanacheka. Nilimpa kamba afunge mafundo ya wavu. La kwanza lilikuwa zuri, la nne dogo, la sita mkono ukasimama kabisa, na akaukodolea macho kama si wake.

Nikachukua karatasi ya maswali. Nilikuwa na haraka ya furaha, niseme ukweli. Mvuvi, Kasenga, Parkinson: nilijua ninaelekea wapi.

"Mu kazi yenu munatumia buba?"

"Zamani, ndiyo," akasema Papa Kalaba, polepole. "Mu mabwawa, wakati maji inapunguka."

"Unaingia mu maji weye mwenyewe?"

"Naingia. Nakanyanga mufuko na miguu, nafinya na mikono."

"Na nani alikuwa anatwanga?"

Mama Kunda, aliyekuwa ametazama sakafu tangu aingie, aliinua kichwa. "Bibi yake," akasema. "Chola njo alikuwa anatwanga. Tangu alimuoa."

"Bamama bote banatwanga," Chola akasema, akicheka.

Niliandika: mke, miaka zaidi ya ishirini. Halafu, bila kuulizwa na mtu yeyote, nikaongeza kwa sauti ya mwalimu: "Ile buba inaweza kuwa njo ilileta ugonjwa."

Wajomba wakatazamana. Mimi nilikuwa naandika.

Docteur Mwepu alisoma faili hiyo mchana, akaipiga kwa kidole: "Hii sasa ni faili." Katika miaka yote sikumsikia akisifu faili zaidi ya mara mbili tatu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamsimulia marehemu mume wangu, na yeye akasema vizuri, bukari, yaani ugali, iko tayari.

Nisikilizeni sasa, ninyi mnaoketi kwenye kiti kile. Mtu akiugua kwetu ugonjwa usioeleweka, familia inakwenda kwa mganga, inakaa chini yote pamoja, na mganga anauliza: nani alimpikia, nani alimpa maji, nani alitayarisha. Jina likitajwa, mganga hahitaji kusema zaidi. Kila mtoto wa Katanga anajua. Mimi mtoto wa reli, niliyesoma kwa masista, najua. Shangazi yangu mwenyewe alirudishwa kwao na viti vyake kwa swali kama hilo. Mgeni akiuliza vile tungesema hajui. Mimi niliuliza nikijua, nimevaa koti jeupe, mbele ya dada na wajomba, na nikatia muhuri. Nilikuwa nafikiria panya.

Kwanza mambo yalikwenda vizuri, na hilo lilinidanganya. Tulimwanzishia levodopa, vidonge vinavyopeleka kichwani kitu ambacho doa jeusi limeshindwa kutengeneza. Haviwashi mbabula tena, vinaleta joto la kuazima. Ndiyo maana saa ni kila kitu: kikichelewa, mgonjwa anakuwa mbao. Kalaba alikunywa mara nne, asubuhi saa moja, saa tano, saa tisa, na saa moja ya jioni, nusu saa kabla ya chakula, maana samaki na maharage yanakipinga kidonge tumboni. Dawa tuliipata kwa shida, mara hapa mjini, mara kwa dereva mmoja anayepanga foleni mpakani Kasumbalesa. Chola aliweka simu yake iite mara nne. Alikuja kila baada ya miezi miwili kuchukua dawa, na kila mara alileta habari: anavaa shati mwenyewe, amekwenda sokoni, amefunga wavu mzima, amemgombeza. "Sauti imerudia," akasema. "Naomba mupunguze kidogo."

Mara ya nne alikuja kabla ya tarehe, na mabegi mawili.

Mama Kunda na wajomba walikuwa wamekaa kikao cha familia. Walisema hospitali kubwa ya Lubumbashi imeuliza nani alitwanga, na jina likatoka, na mama infirmière mwenyewe, yaani mimi muuguzi, amesema kile alichotwanga ndicho kimemuua ndugu yao akiwa hai. Hawakumpiga Chola. Walimtolea vitu nje, na Mama Kunda akahamia ndani kumtunza ndugu yake. Papa Kalaba alijaribu kusema, lakini ilikuwa karibu na saa ya kidonge, sauti haikutoka. Watu hawakungoja.

"Banakataa kila kitu ya mukono yangu," Chola akaniambia. Hakulia. Alikuwa ameshika meza yangu. "Bukari, maji, na dawa pia. Banasema ile dawa, mi njo nilikuwa namupatia, basi ni ileile moja. Mama Vero, bataniua bwana yangu. Kuya tuende. Weye njo uliuliza, weye njo batakusikia."

Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia Jumamosi.

Jumamosi hiyo wauguzi wawili walikuwa wagonjwa, nikabaki kwenye sale. Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imekata njia, au ndivyo walivyosema kwenye stendi, na sikuuliza mara mbili. Katikati ya Jumamosi hizo mbili nilimpigia Mama Kunda simu. Nikamweleza kwamba dawa hii haisimamishwi ghafla, kwamba mtu anaweza kukakamaa, akapata homa, akashindwa kumeza, akafa. Nikamweleza saa zote nne. Alinisikiliza kwa heshima.

"Sawa, mama," akasema. "Tutamupatia."

Nilimwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa kwepesi kuliko kupanda lori. Chola alikuwa amefikia kwa dada yake hapa Hewa Bora, njia tatu kutoka kwangu. Alikuja kila jioni kuniuliza. Simu yake ilikuwa bado inaita mara nne, hakuizima. Tulikuwa tukiongea, inaita, ananyamaza mpaka iishe, halafu anaendelea pale alipoachia. Nilimwambia Mama Kunda amekubali. Alinitazama sana. "Alikubali namna gani?" akauliza. Nikamwambia, vizuri. Aliinama, akaenda zake.

Wiki ya tatu mjomba mmoja alipiga simu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

Nilikwenda Kasenga wakati hapakuwa tena na haja ya haraka, na njia ilipitika, kumbe. Chola alitaka kuja, dada yake akamshika. Nilifika siku moja baada ya mazishi. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanaume upande mmoja, wanawake upande mmoja, na Mama Kunda katikati ya wanawake, amejifunga kitambaa tumboni, macho yamevimba. Alimpenda ndugu yake, msinielewe vibaya. Alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, na wiki zile tatu alimbeba tena.

Nilipewa kiti. Nikakataa, nikakaa kwenye mkeka. Nikaomba kusema, na wazee wakaniruhusu. Nikasema kosa lilikuwa langu. Nikasema hakuna daktari duniani anayeweza kuapa kwamba ugonjwa wa Papa Kalaba ulitokana na buba. Inawezekana, na inawezekana hapana, kuna wengi hapa waliotwanga na kukanyaga buba maisha yao yote na hawatetemeki. Nikasema hata kama ni buba, kutwanga si kuroga. Nikasema kilichomuua ni vidonge kukosekana. Wanawake waliinamisha vichwa. Nikaona niende mpaka mwisho, nikauliza lile swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza.

"Mbele hajaoa, nani alikuwa anamutwangia?"

"Miye," akasema Mama Kunda, bila kusita. "Miye, na mama yetu mbele yangu. Mu mikono yangu alikuwa muzima. Alianza kutetemeka mu mikono ya nani?"

Nikaeleza kwamba ugonjwa huu unatembea miaka mingi kabla ya kujionyesha. Nilijisikia mwenyewe namna maneno yale yalivyokuwa mepesi pale chini ya turubai. Alingoja nimalize, kama alivyongoja kwenye simu.

"Mama," akasema, "weye ni muntu wa masomo, nakuheshimu. Uliuliza, tukajibu. Leo unataka tujibu ingine. Lakini shahidi wetu wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Alimutaja."

"Nani alimutaja nani?"

"Kalaba. Alimutaja Chola kila siku, mupaka mudomo ikafunga. Asubuhi jua likitoka. Tena mbele ya saa sita. Tena wakati batoto banatoka masomo. Tena giza ikiingia. Mara ine, kila siku, saa ni ileile. Jirani bote balisikia. Muntu anakufa, anataja jina ya mwenye kumuua. Unataka ushahidi gani ingine?"

Nilihesabu. Sikuhitaji kuhesabu, lakini nilihesabu: jua likitoka, saa tano, saa tisa, jioni. Nikamwambia. Nikamwambia hizo ndizo saa za dawa, alikuwa anaomba kidonge chake kwa mtu aliyezoea kumpa. Nilisema mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa isiyofaa kilioni. Mwanamke mmoja alianza kuimba ili kunifunika, na wengine wakampokea. Mama Kunda hakuimba. Alikuwa ananitazama, mdomo umefunguka kidogo, na ninafikiri kwa dakika ile alielewa. Halafu akajifunika kichwa kwa kitenge na akalia namna ambayo sijawahi kusikia kwenye sale yetu, nami nimesikia mengi. Hakuna aliyemuuliza analia nini, maana ilikuwa kilio. Jina la Chola halikusafishwa siku hiyo, wala hajaitwa tena Kasenga.

Docteur Mwepu alikuwa amestaafu mwaka huohuo na ameanza kusahau. Nilimpelekea habari hata hivyo. Alisema niandike kwenye faili. Nikaandika, na faili iko kabatini, droo ya K, mnaweza kuisoma. Tangu hapo maswali ya buba nilikuwa nauliza mgonjwa akiwa peke yake, familia ikinywa chai nje, na nilikuwa nauliza majina yote au siulizi hata moja. Fanyeni hivyo. Na ukiahidi Jumamosi, nenda Jumamosi.

Kilichobaki ni Chola. Nilipotoka Kasenga nilikaa siku mbili bila kupita njia ya kwa dada yake. Nilijiambia nisimwongezee uchungu. Uongo, nilikuwa naogopa uso wake. Siku ya tatu nilikwenda. Alikuwa uani anachambua maharage kwenye sinia. Nikakaa kwenye kiti kidogo mbele yake, nikamweleza yote, hata zile saa nne, hata jirani.

Mikono yake ilisimama juu ya sinia.

"Alisema namna gani?" akauliza. "Alisema Chola, ao alisema Mama Bupe?"

Bupe ni binti yao, ameolewa mbali. Nilimjibu kwamba Mama Kunda alisema Chola.

"Mbele ya bantu aliniita siku zote Mama Bupe. Miaka yote ile. Chola ni wakati tuko sisi babili tu mu nyumba."

Aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akaliangalia, akalitupa.

"Basi alizania niko mule mu nyumba," akasema. "Alizania nimechelewa tu."